Mluzi Kichwani mwa Fundi Sikio

Siku ile mjinga alikuwa yeye, na wala hakusingiziwa. Hata leo ukimkuta anasimulia, huanzia hapo hapo kabla hujamuuliza: "Siku ile mjinga nilikuwa mimi." Kisha anacheka mpaka mabega yanatikisika, na wewe unabaki unasubiri akumalizie.

Gereji nzima ilimwita Fundi Sikio. Si kwa ukubwa wa masikio, ingawa nayo hayakuwa madogo, bali kwa namna yake ya kufanya kazi. Wenzake walikuwa na mashine za kuchomeka kwenye gari zikawasomea ugonjwa. Yeye alikuwa na bisibisi ndefu. Ncha aliiweka juu ya injini inayonguruma, mpini akaukandamiza kwenye sikio la kushoto, akafumba macho kama mtu anayenasa umbea wa jirani kupitia ukutani. Baada ya dakika moja alifumbua macho na kutoa hukumu: "Beringi ya pampu ya maji. Ina wiki mbili." Na beringi, kwa adabu zake, ilikufa baada ya wiki mbili. Miaka ishirini na sita alifanya hivyo, na akaamini kwamba siku akikosa sikio hilo, atakuwa mtu tu aliyevaa ovaroli chafu.

Basi asubuhi hiyo likaja gari la mikate. Dereva wake, mtu mfupi mwenye haraka zake, alitaka kumwagiwa oili mpya, abadilishiwe chujio, aende zake. Fundi Sikio akaweka bisibisi kwa mazoea tu. Akasikia mluzi. Mwembamba, mrefu, haupandi wala haushuki.

"Una bahati umenipitia," akamwambia dereva. "Hili lingekulaza njiani."

Akafungua mkanda. Akashusha alteneta, akaizungusha kwa mkono, nzima. Akatoa pampu ya maji, nzima. Akarudisha kila kitu, akawasha, akasikiliza: mluzi upo. Akafungua tena, safari hii akaenda ndani zaidi. Kufika saa nane mchana nusu ya injini ilikuwa imepangwa chini juu ya gunia, na mikate nyuma ya gari ilikuwa imeanza kukauka. Akafunga kwa mara ya pili, dereva akawasha, fundi akainama na bisibisi yake, macho kayafumba, uso wa mtu anayekaribia kumkamata mwizi.

Akakaa hivyo muda mrefu. Dereva akaenda dukani kununua maji, akarudi, akamkuta bado ameinama.

"Unausikia?" akanong'ona bila kufumbua macho. "Unausikia unavyolia? Tena sasa umezidi."

Dereva akaitazama injini. Akamtazama fundi. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kitu kinachong'aa, akakining'iniza mbele ya pua ya fundi.

"Fundi, gari nimelizima tangu naenda dukani. Funguo hizi hapa."

Gonga, mnyoosha bodi ambaye ndiye aliyekuwa jirani yake pale gereji, aliangusha nyundo. Akakaa juu ya tairi, akacheka mpaka akashika ubavu. Fundi Sikio aliondoa bisibisi sikioni: mluzi ukawa unaendelea. Akaziba sikio la kushoto kwa kiganja, mluzi uko vile vile. Akaziba la kulia, na hapo kicheko cha Gonga kikaenda mbali ghafla, kama mtu amekifungia chumba cha pili na kuondoka na ufunguo.

Hata leo akisimulia, hapo ndipo anapoacha kucheka.

* * *

Hospitali walimwingiza kwenye ile mashine kubwa ya sumaku inayogonga kama fundi bati aliyelewa. Alipotoka alimwambia muuguzi kwamba mashine yao ina nati iliyolegea upande wa kulia, na muuguzi akamwambia asante, ataifikisha taarifa. Kisha daktari akamwita ndani yeye na mkewe, akawaonyesha picha kwenye kioo: doa jeupe, dogo, limejibanza ndani ya kichwa nyuma ya sikio la kushoto.

"Ni uvimbe juu ya mshipa wa fahamu wa sikio," daktari akasema. "Ndio unaokupigia huo mluzi, na ndio unaokula usikivu wako. Si saratani."

Mkewe hakusubiri sentensi ya pili. Aliruka akamkumbatia daktari, akatoka mlangoni akamkumbatia muuguzi aliyekuwa anapita na sinia la sindano, na ndipo akakumbuka kwamba ana mume.

Miezi minane waliambiwa wasifanye lolote, wauangalie tu. Katika miezi hiyo Fundi Sikio alihamishia bisibisi sikio la kulia, kazi ikaenda, na lile la kushoto likabaki na kile kidogo lilichokuwa nacho. Lakini picha ya pili ilipopigwa, doa lililokuwa kama punje ya mahindi lilikuwa limekuwa kama harage. Sasa ilibidi kuchagua, na daktari akampa wiki tatu.

"Njia ni mbili," alisema. Alikuwa mwanamke kijana, umri wa kuwa binti yake, mwenye viatu vya raba na sauti ya mtu asiyependa kurudia. "Ya kwanza ni upasuaji. Tunafungua nyuma ya sikio, tunautoa. Lakini umeukalia mshipa wa kusikia, na kwa ukubwa huu kuna uwezekano mkubwa usikivu uliobaki upande huo uondoke nao. Jirani yake ni mshipa unaoendesha uso. Tutaulinda, na wengi hutoka salama, ila siwezi kukuapia. Halafu wiki kadhaa utakuwa unapepesuka mpaka mwili uzoee. Ya pili ni mionzi. Hakuna kisu. Unalala, miale mingi myembamba inakutana pale kwenye uvimbe, siku hiyo hiyo unarudi nyumbani. Usikivu unaweza kudumu miaka, unaweza pia kupungua polepole. Kila mara utakuja tuupige picha. Na uvimbe wenyewe hauondoki. Mara nyingi unaacha kukua, lakini unabaki."

"Unabaki?"

"Unabaki."

"Ndani?"

"Nje hatuna pa kuuweka, baba."

Fundi Sikio akakuna kidevu. "Daktari, miaka ishirini na sita nawaambia wateja kibovu kitoke. Leo nikawaambie changu nimekimulika tochi tu nikakiacha?"

"Gari lako ukilifungua likakushinda, unaliacha mpaka kesho na bisibisi juu yake," daktari akasema. "Mimi siruhusiwi."

Mkewe akaangalia dirishani ili asionekane anavyocheka.

* * *

Habari ilipofika gereji, kila mtu akawa daktari. Gonga alisema akate: "Mimi bodi ikioza sibembelezi. Naikata, nabandika bati jipya." Fundi rangi wa kona ya pili alisema mionzi, mradi nje kunabaki kunang'aa. Fundi wa umeme wa magari alikataa yote mawili. "Mkishaanza kugusa nyaya za watu," alisema, "huyu tutakuja kumfungulia mlango apige honi."

Lakini aliyesimamia jambo hilo kwa miguu yote miwili alikuwa kaka yake mkubwa. Huyu alikuwa mwashi, mtu wa tofali na kamba, na hakuamini kitu ambacho hawezi kukigonga kwa mwiko. Akaja nyumbani jioni mapema, akakaa kwenye chumba cha mbele ambacho mke wa Fundi Sikio alishonea nguo za watu, akahutubia kati ya majora ya vitambaa kama yuko mkutanoni.

"Mdogo wangu, nisikilize. Ufa ukutani haupakwi chokaa. Unabomoa, unajenga upya. Hiyo mionzi umeiona wewe? Ina rangi gani? Unalipaje mtu akupige kitu ambacho hukioni?"

"Na umeme je, kaka, huwa unauona?"

"Umeme unaniwashia taa. Hiyo itakuwashia nini?"

Wakabishana hivyo jioni tatu mfululizo. Kilichomchosha Fundi Sikio ni kwamba alikubaliana na kaka yake nusu saa nzima, kisha akikumbuka kicheko cha Gonga kilivyofungiwa chumba cha pili, anakubaliana na upande mwingine. Alitaka uvimbe utoke. Alitaka pia sikio libaki. Na kila aliyemuuliza alimwongezea maumivu ya kichwa.

Jioni ya tatu mkewe, aliyekuwa amepiga magoti anapunguza pindo la gauni la mteja na pini nne mdomoni, alizitoa pini moja moja akazichomeka kwenye mto wake.

"Mmemaliza?" akauliza. "Maana nyie mnabishana gari ambalo hakuna aliyeliendesha. Baba, wewe gari la mtu ukishalitengeneza, unamrudishia vipi?"

"Nalijaribu barabarani kwanza."

"Basi na hili tulijaribu barabarani."

Kaka mkubwa akacheka. "Shemeji, utajaribu vipi uvimbe barabarani?"

"Wewe kaa hapo uone," akasema, na akavuta droo ya nyuzi.

* * *

Kwanza walijaribu kupoteza sikio. Mkewe alimjaza pamba kwenye sikio la kushoto, juu akabandika plasta, akamwamuru asiitoe siku tatu hata akioga. Fundi Sikio alikwenda kazini, akaweka bisibisi sikio la kulia, na injini ikamweleza kila kitu bila kumficha. Siku ya kwanza alirudi anaimba. "Mama, sikio moja linatosha! Hilo lingine nilikuwa natembea nalo kwa urembo tu!"

Siku ya pili wenzake waligundua mchezo. Gonga anamwita akiwa kushoto, fundi anageuka kulia. Fundi rangi anapiga filimbi nyuma ya lori, fundi anakwenda kuinua boneti la gari lililokuja kuoshwa. Walicheka, naye akacheka nao. Siku ya tatu gari moja lilirudi kinyumenyume kutoka kushoto kwake, dereva anapiga honi, Gonga anapiga kelele, naye amesimama tu anafuta mikono kwa tambara. Gonga alimvuta kwa ukosi wa ovaroli, wakaangukia wote kwenye matairi. Jioni hiyo hakuimba. Alitoa pamba mwenyewe, na sauti ya cherehani ilipomwingia upande wa kushoto, hafifu, inasikika kama mvua juu ya paa la jirani, alikaa akaisikiliza mpaka mkewe akauliza kulikoni.

"Hiki kidogo kilichobaki," akasema, "kumbe hakinisikilizishi tu. Kinanionyesha kitu kiko wapi."

Cha pili kilikuwa uso. Mkewe alichukua plasta pana, akambandika kuanzia nyusi mpaka pembe ya mdomo, upande wa kushoto wote, ukakakamaa kama ukuta.

"Lakini daktari kasema uwezekano ni mdogo," Fundi Sikio akalalamika kwa nusu ya mdomo.

"Ndiyo maana unauvaa siku moja tu. Ungekuwa mkubwa ungeuvaa mwezi."

Siku hiyo chai ilimchuruzika mpaka kifuani. Hilo halikumsumbua, ovaroli lilikwisha kuona mabaya zaidi. Kilichomuuma ni kingine. Alikuja mama mmoja mwenye gari dogo ambaye miaka yote humtania, na Fundi Sikio akamwambia kama kawaida, "Mama, hili gari usipolibadilisha, litakubadilisha wewe." Mama yule hakucheka. Akamtazama, akarudi hatua moja, akamuuliza Gonga pembeni kama fundi wake leo amekasirishwa na nini. Akajaribu utani mwingine kwa dereva wa teksi, ukaanguka chini na kukaa hapo. Kumbe utani wake wote ulikuwa unabebwa na uso. Maneno peke yake, bila jicho linalokonyeza, yalikuwa matusi matupu.

"Nimewatukana wateja wanne leo," alimwambia mkewe akibandua plasta, nusu ya nyusi ikiondoka nayo. "Na wote nilikuwa nawapenda."

Kikabaki cha tatu: kuishi na kitu ndani ambacho hukitoi. Hapo mkewe alitafuta kwenye kopo la vifungo mpaka akapata kimoja kigumu, kinene, ukubwa wa harage. Akakishonea ndani ya ukosi wa ovaroli, nyuma kidogo ya sikio la kushoto, akapitisha uzi mara kumi na mbili.

"Wiki moja. Huking'oi, hukikati, hukisogezi."

Siku ya kwanza Fundi Sikio alikuwa kama mtu mwenye siafu mgongoni. Aligeuza shingo, alivuta ukosi, alikigusa kila dakika kuhakikisha kama bado kipo, na kila akikigusa alikasirika kwamba kipo. Siku ya pili alikigusa mara chache. Siku ya tatu injini ya lori ilimtoa jasho. Kisha zikapita siku nyingine, na siku ya sita Gonga, akiwa amelala chini ya gari, akauliza:

"Sikio, kile kifungo vipi?"

"Kifungo gani?"

Fundi Sikio akapeleka mkono polepole nyuma ya shingo, na alipokikuta, macho yakamtoka kama mtu aliyekutana na mdeni wa utotoni. Safari hii aliyekaa juu ya tairi akicheka mpaka akashika ubavu alikuwa yeye.

* * *

Jioni alikaa kwenye kigoda karibu na cherehani wakati mkewe anafumua ule uzi wa kifungo. Nje bado kulikuwa na mwanga, na watu walikuwa wanapita na vikapu vyao wakisalimia dirishani.

"Unajua naogopa nini?" akasema. "Naogopa kuwa mjinga tena. Nichague hili, kumbe lilikuwa lile. Kama gari la mikate."

"Utakuwa mjinga tena," mkewe akasema bila kuinua kichwa. "Hilo nalijua tangu naolewa, na nilikuja kwa miguu yangu."

Fundi Sikio akacheka. Mkewe akakata uzi kwa meno.

"Mimi nami naogopa," akasema. "Ukichagua kisu, naogopa ule mlango wa upasuaji ukifungwa nikabaki nje. Ukichagua mionzi, naogopa kila picha watakayopiga. Kwa hiyo kwangu mimi hakuna nafuu, usinitazame mimi. Kote nitakuja, nitakaa pale kwenye viti vyao vya plastiki. Ila uchague wewe. Usimchagulie kaka yako, wala Gonga."

Akamtazama huyu mwanamke mwenye vipande vya uzi kwenye nywele. Mluzi ulikuwepo kichwani, umekaa pale pale, haupandi wala haushuki. Akagundua kwamba tangu asubuhi mpaka sasa hajaufikiria.

"Mionzi," akasema.

"Una hakika?"

"Sina. Lakini nimeliendesha gari lenyewe, na najua linavutia wapi."

* * *

Siku ya kumpa daktari jibu walikwenda watatu, kwa sababu kaka mkubwa alikuja na koti lake la heshima na hakuna aliyepata namna ya kumrudisha. Fundi Sikio akamsimulia daktari majaribio yote, pamba, plasta na kifungo, na akasimama katikati ya chumba kumwigizia mama wa gari dogo alivyorudi nyuma. Daktari alivua miwani akaifuta mara mbili.

"Wagonjwa wangu wengi huja na makaratasi waliyosoma," alisema. "Wewe ni wa kwanza kuja bila nusu ya nyusi."

"Itaota. Na jibu langu ni mionzi."

"Unakumbuka kwamba mluzi unaweza usiondoke?"

"Huo tumeshazoeana. Nikiwa peke yangu unanisindikiza."

"Na picha kila mara nitakapokuita?"

"Nitakuja. Ile nati ya mashine yenu nayo nataka niisikilize tena."

Daktari akavuta karatasi za kusaini. Hapo kaka mkubwa akakohoa. Akasogeza kiti mbele, akaweka viganja vyote viwili juu ya meza kama anapima kama iko sawa.

"Daktari, samahani. Mimi ndiye mkubwa wake, lazima niulize. Hicho kitu mnakiacha humo ndani. Je, kikiamka? Kikianza kukua tena?"

"Hutokea mara chache," daktari akasema. "Ndiyo maana tunapiga picha."

"Na kikitokea hivyo, mtafanyaje?"

"Tutazungumza upasuaji. Na sitakuficha: baada ya mionzi, upasuaji huwa mgumu kidogo kuliko ungefanywa leo."

Kaka mkubwa akaegemea nyuma. Alikuwa amesubiri wiki tatu nzima kusikia sentensi hiyo, na sasa aliimeza taratibu, akatabasamu, akawageukia mdogo wake na shemeji yake kama mtu aliyemaliza kuezeka nyumba.

"Mmesikia kwa masikio yenu, sijasema mimi. Kwa hiyo kuna siku huenda akakatwa tu. Sasa, mtu mwenye akili, kama jambo linaweza kuja baadaye, si bora alimalize leo leo, tupumzike?"

Kalamu ya Fundi Sikio ikasimama juu ya karatasi. Mkewe ndiye aliyegeuza kiti chake, akamtazama yule mwashi kuanzia kofia mpaka viatu, kwa upole kabisa, kama anayempima suti.

"Kwa hesabu hiyo, shemeji," akasema, "tukitoka hapa twende tukakuzike wewe, maana baadaye utakufa tu."